Namna ya kuipima hoteli ya ufukweni kisiwani: anza na maji, malizia na bili

Bahari haina fundi. Kitasa kikikwama kitabadilishwa, kiyoyozi kikivuja ataitwa mtu na ngazi yake, na mpishi asiyejua kiasi cha chumvi atafundishwa au ataonyeshwa mlango. Lakini ufukwe ambao maji huukimbia kila siku utaendelea kukimbiwa hata meneja akiwa malaika. Kwa hiyo mimi hupima hoteli hizi kwa mpangilio mmoja: yasiyorekebishika kwanza, yanayorekebishika kwa shida baadaye, na yanayong'aa kwenye picha mwisho kabisa. Taulo lililokunjwa mfano wa bata juu ya kitanda ni kazi ya dakika tatu. Lifurahie, kisha liweke pembeni ushike daftari.

Hatua ya 1: Ikusanye ahadi kabla hujafunga begi

Huwezi kupima bila kipimo, na kipimo cha kwanza ni maneno ya hoteli yenyewe. Piga picha ya skrini ukurasa wa chumba ulicholipia, orodha ya vilivyomo ndani ya bei, na masharti ya kughairi. Kurasa hubadilika, picha haibadiliki.

Kisha soma kama wakili. "Chumba cha mbele ya ufukwe" kwa kawaida maana yake hakuna jengo jingine kati yako na mchanga. "Chumba chenye mwonekano wa bahari" ni kitu kingine kabisa: bahari inaonekana, pengine kutoka ghorofa ya tatu, juu ya paa la jiko. "Mwonekano wa sehemu ya bahari" ni kile unachokiona ukisimama kona ya baraza na kurefusha shingo kama twiga. Na "dakika tano kutoka ufukweni" haisemi ni dakika za miguu au za gari.

Tazama pia alama ndogo zinazofuata bei. Hoteli nyingi za Asia huandika alama mbili za kujumlisha, ++, kumaanisha kwamba ada ya huduma na kodi bado hazijaingia. Ulizia usafiri wa kutoka uwanja wa ndege hadi kisiwani, unagharimu kiasi gani na mwisho wake ni saa ngapi. Maldivi, kwa mfano, ndege zinazotua majini huruka mchana tu. Anayefika jioni hulala kwingine na kulipia kitanda ambacho hakukipanga. Hoteli inayokwambia hilo mapema, kabla hujauliza, imeshajipatia alama.

Halafu fungua picha za setelaiti. Utepe wa samawati mpauko karibu na mchanga ni maji mafupi. Buluu iliyokolea ni kina. Mabaka meusi au ya kahawia huwa ni nyasi za baharini au matumbawe, na mstari mweupe kwa mbali ni mawimbi yanayovunjika kwenye mwamba. Pima umbali kutoka mchanga hadi mstari huo. Programu ya Google Earth ina picha za miaka ya nyuma pia. Linganisha upana wa mchanga wa zamani na wa sasa. Nimewahi kuona ufukwe ulioliwa hadi kubaki kama mkanda wa suruali, huku picha za matangazo bado zikiuonyesha mpana kama uwanja.

Mwisho, angalia majira. Msimu rasmi wa vimbunga vya Atlantiki ni kuanzia Juni 1 hadi Novemba 30. Kusini-magharibi mwa Bahari ya Hindi vimbunga huja zaidi kati ya Novemba na Aprili. Tangu 2011 fukwe nyingi za Karibi zimekuwa zikivamiwa na mwani wa sargasamu, hasa miezi ya katikati ya mwaka, na ukioza hunuka kama mayai viza. Hoteli haikuleta kimbunga wala mwani. Unachoipima ni kama ilikuambia ukweli wakati unalipa, na kama bei yake ya msimu mbaya inafanana na msimu mbaya.

Hatua ya 2: Yasome maji

Hapa ndipo tathmini nyingi huharibika, na hapa ndipo nakaa kuliko kote.

Sehemu nyingi duniani maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku. Kati ya kujaa kumoja na kufuata kwake hupita takribani saa 12 na dakika 25, ndiyo maana kila siku maji huchelewa kama dakika 50 kuliko jana yake. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, huja bamvu: maji hupanda sana na kutoka sana. Mwezi ukiwa nusu huja maji mafu, ambayo hayapandi sana wala hayatoki sana. Kwa hiyo mgeni aliyelala siku tatu wakati wa maji mafu na mwenzake aliyekuja wiki moja baadaye wakati wa bamvu wamekaa, kwa kweli, kwenye fukwe mbili tofauti zenye jina moja. Ukisoma mmoja akisifu na mwingine akilalamika, usidhani lazima mmoja anadanganya.

Ukubwa wa jambo hili hutegemea kisiwa. Zanzibar wakati wa bamvu tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hukaribia mita 4. Maldivi ni kama mita 1. Karibi, sehemu nyingi, haifiki hata nusu mita. Tahiti ni kioja: maji husogea kidogo mno, na hufuata jua kuliko mwezi, hivyo hujaa karibu na saa sita mchana na saa sita usiku, siku nenda siku rudi. Hoteli ya Tahiti haihitaji jedwali la maji mapokezi. Ya Zanzibar ikikosa, ina tatizo.

Sasa kazi yenyewe. Pata jedwali la maji la siku zako. Siku ya kwanza au ya pili, maji yakiwa yametoka kabisa, vaa viatu vya mpira uyafuate. Hesabu hatua hadi yanapokufika kiunoni. Angalia unakanyaga nini: mchanga, tope, nyasi, matumbawe makali, au viumbe vya miiba mirefu myeusi visivyosamehe. Rudi maji yakiwa nusu, rudi tena yakiwa yamejaa. Ukimaliza utapata namba moja ninayoiamini kuliko nyota zote za mlangoni: kati ya macheo na machweo, ni saa ngapi mtu anaweza kuingia majini hadi kiunoni ndani ya hatua hamsini kutoka mchanga mkavu? Naziita saa za kiuno. Penye saa kumi pamejaa raha. Penye saa nne nako si kubaya, mradi umeambiwa, kwa sababu ufukwe unaokauka una starehe zake: kutembea mbali, kutazama viumbe kwenye vidimbwi, watoto wadogo kucheza bila hofu. Ubaya ni kuuziwa saa nne kwa jina la kumi.

Nimelijua hilo kwa kuumia. Nilifika hoteli moja saa nne asubuhi, maji yamejaa hadi kwenye ngazi za baraza, nikaandika sifa daftarini kabla hata sijafungua begi. Saa kumi jioni bahari ilikuwa imeondoka. Wageni walikuwa wamejilaza kwenye viti wakitazama uwanda wa tope, na boti zimelala ubavu. Tangu siku hiyo siandiki neno kuhusu ufukwe kabla sijauona mara tatu, kwa maji matatu tofauti.

Kisha usalama wa kuogelea. Simama mahali palipoinuka utazame mawimbi kwa dakika kumi. Pakiwa na njia nyembamba ambapo mawimbi hayavunjiki, maji yanaonekana yametulia au yamebeba mchanga na povu kwenda nje, huo mara nyingi ni mkondo wa kuvuta. Wageni huuchagua kwa sababu ndio unaoonekana mtulivu, na hapo ndipo mtu huchukuliwa. Mwenye kunaswa hapigani nao. Huelea, huita msaada, na akiweza huogelea sambamba na ufukwe hadi atoke ndani yake. Uliza mapokezi: mkondo uko wapi hapa? Wakijibu kwa kuonyesha kidole, vizuri. Wakicheka, andika.

Tafuta bendera. Nyekundu na njano ni eneo linalolindwa na waokoaji, nyekundu ni hatari kubwa, mbili nyekundu maji yamefungwa, zambarau ni viumbe wanaouma au kuwasha kama yavuyavu. Bendera isiyoshushwa wala kupandishwa kwa siku tatu, bahari ikibadilika, ni pambo tu.

Hatua ya 3: Saa ya kwanza chumbani

Usifungue mabegi. Yaweke bafuni, juu ya vigae, kisha uchunguze kitanda: inua shuka kwenye pembe za godoro, tazama mishono na nyuma ya ubao wa kichwani. Vidoa vidogo vyeusi kama vya wino ni alama ya kunguni. Ukiviona, omba chumba kingine, na kisiwe cha jirani wala cha juu au chini yake.

Chumba cha ufukweni hupigana na chumvi usiku na mchana, na chumvi husema ukweli kuhusu matengenezo. Tazama bawaba, skrubu za baraza, kitasa, sehemu ya nje ya kiyoyozi. Kutu kidogo ni kawaida. Kutu iliyopakwa rangi juu ni mazoea mabaya, na mwenye kupaka rangi juu ya kutu pengine amefanya hivyo kwenye nyaya pia. Kunusa nako ni kupima: harufu ya ukungu inayokupokea mlangoni haitaondoka kwa kufungua dirisha.

Fungua bomba la maji ya moto na uhesabu hadi yapate joto. Yaonje kwa ncha ya ulimi, kisha yateme. Visiwa vingi vidogo hutumia maji ya bahari yaliyoondolewa chumvi au maji ya visima yaliyoingiliwa na bahari, na ladha itakwambia. Washa kiyoyozi kwa nusu saa ukiwa ndani. Jaribu kasiki kwa kufunga na kufungua ikiwa tupu. Kagua chandarua kwa kukitanua dhidi ya mwanga. Tafuta king'ora cha moshi darini, kisha toka nje utembee njia ya dharura hadi mwisho wake. Mlango wa dharura uliofungwa kwa kufuli ni kosa lisilofutwa na kifungua kinywa chochote. Kwenye visiwa vilivyo karibu na kanda za matetemeko, uliza wanakimbilia wapi ikitokea tsunami. Baada ya tsunami ya Desemba 26, 2004, hakuna hoteli ya pwani katika Bahari ya Hindi yenye kisingizio cha kutokuwa na jibu.

Hatua ya 4: Zunguka, hasa nyuma

Wageni hutembea kati ya chumba, bwawa na mchanga. Wewe tembea mpaka wote wa hoteli, upande wa jiko na jenereta ukiwemo. Nyuma ndiko hoteli inakoishi.

Unatafuta vitu vitatu. Kwanza maji taka: bomba linaloelekea baharini, mfereji wa kijani unaokata mchanga, harufu jioni upepo ukigeuka. Kisiwa cha Boracay, Ufilipino, kilifungwa kwa watalii kwa miezi sita kuanzia Aprili 26, 2018 kwa sababu hiyo hasa, maji machafu yalikuwa yakimwagwa baharini, na kilikuwa kikitajwa miongoni mwa visiwa vyenye mchanga mzuri duniani. Mchanga mweupe haufichi kila kitu.

Pili, mmomonyoko. Mifuko ya mchanga iliyopangwa chini ya migahawa, minazi yenye mizizi iliyo wazi, ngazi zinazoishia hewani. Ukuta wa zege ufukweni hulinda jengo, lakini mawimbi yakiugonga hurudi na mchanga, na ufukwe ulio mbele yake hupungua. Andika ulichokiona, anayekuja mwakani atakushukuru.

Tatu, mwenendo. Kama kasa hutagia hapo, taa za usiku zinapaswa kuwa hafifu na kuelekezwa chini, kwa kuwa vifaranga vyao hufuata mwanga na hupotea njia ya baharini. Na ingia kwenye duka la hoteli usome chupa za mafuta ya kujikinga na jua. Palau ilipiga marufuku yale yenye kemikali zinazodhaniwa kudhuru matumbawe mwaka 2020, Hawaii ikazuia kuuzwa kwa yale yenye oksibenzoni au oktinoksati, mbili kati ya kemikali hizo, mwaka 2021. Hoteli yenye bango la "tunalinda matumbawe" huku ikiuza oksibenzoni rafu moja chini yake imekuchekesha bure. Ipe alama ya ucheshi.

Bwawa nalo lina kanuni nyepesi. Sakafu ya sehemu yenye kina kirefu ionekane wazi kutoka ukingoni. Harufu kali ya klorini si dalili ya usafi: hutokea klorini inapochanganyika na jasho na mikojo.

Hatua ya 5: Usiku

Lala usiku mmoja bila vizibo vya masikio. Muziki unaisha saa ngapi, na saa iliyoandikwa ni saa ngapi? Jenereta inaposhika, unasikia mlio tu, au unahisi mtikisiko wake hadi kitandani? Umeme ukikatika, ulirudi baada ya sekunde au baada ya nusu saa ya jasho? Mawimbi yenyewe ni kelele kwa watu wengine, na hilo si kosa la mtu, ila liandike.

Hatua ya 6: Chakula

Sitakwambia nini ni kitamu. Kwenye bafe tazama mpangilio: vya moto viwe vya moto hasa, zaidi ya nyuzi 60, na vya baridi viwe chini ya 5. Chakula kisikae zaidi ya saa mbili kwenye joto la kawaida. Sahani inayoongezwa chakula kipya juu ya kilichopoa inanipa wasiwasi kuliko sahani tupu. Linganisha siku ya kwanza na ya nne, maana majiko mengi hujua kung'aa siku mbili. Basi.

Hatua ya 7: Toa lalamiko dogo

Huduma haipimwi kwa tabasamu la mapokezi. Hupimwa kitu kikiharibika. Kwa bahati nzuri, kila chumba kina kitu: taa ya kusomea, bomba linalodondosha, pazia lililochomoka. Liripoti asubuhi, kwa upole, kwa mtu mmoja, na andika saa. Kisha nyamaza. Je, limetengenezwa lini? Kuna aliyerudi kuuliza? Ilibidi ulirudie kwa mtu wa pili ambaye hajawahi kulisikia? Nimeona hoteli ya kawaida kabisa ikituma fundi baada ya dakika kumi, na nyingine ya fahari ikituma matunda badala ya fundi. Matunda yalikuwa mazuri, bomba likaendelea kudondosha.

Tazama pia namna wakubwa wanavyowasemesha wafanyakazi mbele za wageni. Mfanyakazi aliyekaripiwa hadharani hatakuambia ukweli kuhusu mkondo wa maji.

Hatua ya 8: Boti na mbizi

Kama utalipia safari za baharini, kagua kabla ya kupanda: jaketi za kuokolea zinatosha watu wote, na za watoto zipo? Kuna redio au simu inayoshika mtandao? Kituo cha mbizi kiwe na oksijeni ya dharura na kikuulize kuhusu afya yako na tarehe ya ndege yako. Baada ya mbizi nyingi, ushauri wa kawaida ni kusubiri angalau saa 18 kabla ya kuruka. Mwalimu asiyeuliza ndege yako ni lini, mwache na kina chake.

Hatua ya 9: Bili na alama

Usisubiri asubuhi ya kuondoka. Omba bili jioni iliyotangulia, uiweke kando ya picha za skrini za hatua ya kwanza, upitie mstari kwa mstari: ada ya huduma isitozwe mara mbili, "ada ya hoteli" isiyotajwa mwanzoni ielezwe kwa maandishi, vinywaji vya friji ndogo viwe ulivyokunywa wewe.

Halafu gawa alama. Mimi hutumia mia: bahari na ufukwe 35, chumba 20, mahali pamoja na kelele 15, watu 15, chakula 10, ukweli wa bili 5. Ubadilishe kadiri ya msafara wako. Mwenye watoto wadogo ataongeza ufukwe na usalama wa bwawa, mwenye kuja kulala tu ataongeza chumba. Kitu kimoja kisibadilike: kasoro ya usalama haifidiwi na alama za mahali pengine. Njia ya dharura iliyofungwa haiongezewi utamu wa chakula ikawa nafuu. Iandike juu kabisa, peke yake.

Unapoandika tathmini yako, tenganisha ulichopima na ulichohisi, taja aina kamili ya chumba na upande kilipoelekea, na kama kasoro ilirekebishwa ukiwa hapo, sema hivyo pia. Weka tarehe za kukaa kwako na uandike mwezi ulikuwa mpevu, nusu au mwandamo, pamoja na saa zako za kiuno kwa kila siku.